Saba Kati ya Kumi

"Babu, kwani mhafidhina wa kweli ni yupi?" Tressa alimuuliza babu yake akiwa na miaka tisa, miguu ikining'inia kwenye kiti cha ukumbi wa kanisa.

Mzee Verlin Haase alimwonyesha karatasi. "Huyu hapa. Kura kumi za bungeni. Ukipiga nane upande wetu, u mwenzetu. Chini ya hapo, kwaheri."

Kipimo hicho alikitunga mwenyewe, na chama cha wilaya yao, huko Kansas, kilikitumia miaka ishirini.

Jumamosi hiyo chama kilikutana ukumbini kuamua kama kimuunge tena mkono mbunge wao, Curtis Ballew, aliyekuwa amepata saba. Kilichomponza ni kura ya kutoa fedha za serikali ili hospitali yao ndogo isifungwe. Humo ndimo Norma, mkewe Verlin, alimokuwa akisafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki.

"Anagawa kodi zetu kama peremende!" alifoka Darla, mwenyekiti.

"Kama ni uhafidhina, ana bunduki nyingi kuliko zako, Darla, na kanisani hakosi," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Wewe tulikuona lini?"

Watu wakacheka.

"Sijadiliwi mimi hapa! Haya, Verlin, kipimo ni chako. Saba ni nane?"

Verlin alimtazama Norma, aliyekuwa akikata pai mezani pale pembeni. Aseme nini? Kwamba kipimo ni cha wake za wenzake tu?

"Saba si nane," alisema.

Kwao kura hupigwa kwa kusimama. Anayemkataa mtu husimama. Magoti ya Verlin yalikuwa mabovu. Angebaki ameketi, nani angemlaumu? Curtis alikuwa safu ya mbele, kofia mapajani, amegeuka anamwangalia. Verlin akashika kiti kilicho mbele yake, akajiinua.

Bila chama nyuma yake, Curtis alibwagwa kwenye uchaguzi. Aliyemrithi alipata kumi kati ya kumi, na hospitali ikafungwa kabla ya mavuno ya ngano. Verlin akawa anamwendesha Norma maili tisini kwenda, tisini kurudi. Alipiga simu kila ofisi, akaomba, akalia. Alimpigia hata mbunge mpya.

"Lakini kipimo si ni chako, mzee?" kijana yule alimjibu kwa adabu.

Februari theluji ilifunga barabara siku tano. Norma alifariki siku ya nne.

Tressa sasa ana miaka kumi na sita. Juzi alimkuta babu jikoni, ile karatasi iko mbele yake, chai imepoa. Mzee ndiye aliyeanza.

"Lile swali lako la ukumbini, mjukuu wangu. Alikuwa Curtis. Na nilijua kabla sijasimama."