Maji Yasiyo na Chumvi

Mume wangu alikuwa mtangazaji. Si wa redio. Alikuwa yule mtu wa gari la vipaza sauti, akaaye kiti cha mbele na maikrofoni mkononi, spika mbili juu ya paa, akiizunguka Kisauni yote kutangaza misiba, mikutano na duka jipya la magodoro. Toka Bombolulu tunakokaa hadi Junda, akarudi kwa njia ya Mjambere. Watu waliijua sauti yake kuliko uso wake. Tukienda sokoni hakuna aliyemtazama, lakini akiuliza bei ya muhogo tu, vichwa vyageuka: kumbe ndiye wewe.

Kisha koo likaanza. Tulilitibu kwa tangawizi na asali kama kila mtu, na tulipofika hospitali tulikuwa tumeshachelewa. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema kisanduku cha sauti kitatolewa chote, ndipo huenda mtu akaishi, na foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi miwili. Binti yetu alikuwa na mwaka na nusu. Tulipotoka nje kungoja tuktuk, mume wangu alisema neno moja tu. "Mtoto huyu hatajua mimi nilizungumzaje."

Hapo ndipo nilipoingia mimi na ujuaji wangu.

Kazi yangu ni video za harusi, upande wa wanawake. Huku kwetu mwanamume haingii na kamera bibi harusi anapopambwa na wanawake wamevua mabuibui, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu sisi. Nina kamera, nina maikrofoni nzuri, na nilikuwa na kompyuta kubwa ya kukatia picha, imekaa chumbani kwa kuwa hakuna pengine. Nikamwambia, "Baba, usihuzunike. Tutarekodi kila kitu. Mtoto atakuwa na sauti yako tele, hata ya kumtupia paka."

Siku ya kwanza tulikaa kitandani, maikrofoni mbele yake, akazungumza kama robo saa. Nilipovaa spika za masikioni kusikiliza, nikakunja uso. Sauti ilikuwako, imekwaruza lakini ni yake, na nyuma yake feni la kompyuta lilikuwa likinguruma mwanzo mpaka mwisho. Hewa ya kwetu pwani ina chumvi na ina vumbi, na mashine ile ilikuwa imevuta vyote viwili kwa miaka. Yale mabati membamba ya kupozea yalikuwa yameota kutu, joto halitoki, basi feni lakimbia kama lafukuzwa.

Watu huniuliza, kwani simu haikuwako? Ilikuwako. Ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini mimi miaka yote nimewacheka watu wanaorekodi harusi kwa simu, na niliona haya kumrekodi mume wangu kwa kitu ninachokicheka. Kamera nayo huacha mvumo wake; nilitaka sauti safi, isiyo na doa, moja kwa moja kwenye kompyuta. Hicho ni kiburi, na nakitaja kwa jina lake kwa sababu hakuna mwingine wa kumtupia lawama.

Nilimwita fundi wa kompyuta, mtu mzima kutoka bara, mpole, mwenye kibanda chake karibu na kituo. Akaifungua mashine, akatikisa kichwa, akaniwekea mambo mawili mbele. La kwanza, aniondolee kile kipoozeo kilichooza, anifungie kipana zaidi chenye feni kubwa lizungukalo polepole. Kelele itapungua, haitaisha, lakini kitu hicho hakina ujanja, kikichafuka unakipiga brashi. La pili lilikuwa kipoozeo cha maji, alichokitoa katika mashine ya mtumba: mirija miwili, pampu ndogo, kitangi cha kioo na rejeta kama ya gari, ila ndogo. Alikiunganisha mezani, akakiwasha. Sikusikia kitu. Nikainamisha sikio, sikusikia kitu.

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango. "Chukua la feni," alisema. "Mimi maisha yangu yote nimesema juu ya injini. Feni laniudhi nini?"

"Wewe nyamaza," nikamwambia. Nilimwambia hivyo mtu aliyebakiwa na wiki saba za kusema.

Akanyamaza. Fundi akafunga la maji. Alipokuwa akikusanya bisibisi zake alinipa maagizo: "Mama, maji haya hupungua kidogo kidogo. Ukiona kitangi kimeshuka, ongeza. Lakini usitie maji yoyote tu. Tia yasiyo na chumvi." Nikamwambia sawa, hilo nalijua. Nimezaliwa hapa. Maji yasiyo na chumvi nimeyajua kabla sijajua kusoma.

Mgeni huenda asielewe, basi nieleze. Kwetu maji ni ya aina mbili. Kuna ya chumvi, ya kisima, ya kuoshea vyombo na kufulia. Na kuna matamu, ya kunywa na ya chai, yaletwayo na mkokoteni kwa madebe. Hakuna aina ya tatu. Mtu akikwambia yasiyo na chumvi, amekwambia matamu. Kitangi kiliposhuka niliteka kikombe kutoka dumu la maji matamu, nikayaonja kwa ncha ya ulimi kama mama alivyonifunza, nikaridhika, nikatia. Nilifanya hivyo mara tatu.

Zile wiki saba sikwambii. Chumba kilikuwa kimya, naye alikuwa akizungumza kila alasiri baada ya kuamka. Alimwita mtoto kwa majina yote aliyombandika, la cheti cha kuzaliwa na ya utani. Alimsimulia jinsi alivyozaliwa mvua ikinyesha na mkunga akiteleza uani. Alimgombeza kwa makosa ambayo bado hajayafanya. Siku moja alisema nimrekodie yale maneno baba ayasemayo siku ya kumwoza bintiye. Akayasema yote kwa utaratibu, na alipofika penye jina la bwana harusi akanyamaza kidogo kuacha pengo, kisha akaendelea. Nilicheka nikalia papo hapo. Nilisema nitayaweka katika video ya harusi yake, itakuwa kazi bora kuliko zote nilizopata kufanya.

Nilinakili sehemu nyingine? Harusi za watu nilizinakili mara mbili mbili. Hii yangu nilisema kesho, tukimaliza nitaipanga vizuri kisha ndipo niinakili.

Wakamfanyia upasuaji. Akabaki hospitali, mimi nikawa wa kwenda na kurudi na uji, na mashine ikakaa imezimwa. Aliporuhusiwa, siku ya pili tu, nikaiwasha nimsikilizishe kazi yetu. Ilitoa mlio mmoja mfupi, na harufu ya waya ulioungua, ikazima. Chini kulikuwa na maji.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Ndani ya kitangi palikuwa na utando wa kijani, na kwenye viungio vya mirija maganda meupe, magumu, kama yale ya chini ya birika. Kiungio kimoja kilikuwa kimeliwa. Maji yalikuwa yamedondokea diski yenye rekodi zetu zote, na umeme ukapita humo. Aliigeuza ile diski mkononi muda mrefu.

"Mama, uliongeza maji gani?"

"Matamu."

"Matamu ndiyo yapi?"

Nikamwonyesha dumu. Alilitazama, kisha akakaa chini juu ya sanduku lake la vyombo. "Nilikwambia yasiyo na chumvi," alisema taratibu. "Nilimaanisha maji ya betri, yale ya chupa, ya gereji. Haya ya kunywa nayo yana chumvi zake, mama. Ulimi hauzisikii." Kwao bara maji ni maji, na chumvi aliyoisema ilikuwa chumvi ya shuleni, ya somo la kemia. Mimi nilisikia chumvi ya Kisauni. Sikumgombeza. Ningeanzia wapi?

Diski ilipelekwa Nairobi, ikarudi na karatasi ya kusema haiwezekani.

Nikarudi kwenye harusi. Nilikumbuka kwamba mara nyingi, nikiwa ukumbini narekodi, gari lake lilikuwa likipita nje na kuniharibia sauti, nami jioni namsuta: ukiona turubai la harusi punguza sauti, yakhe. Alikuwa akicheka. Basi nilitafuta katika kazi zangu zote za zamani nilizokuwa nazo kwenye diski nyingine, moja moja. Sikumpata. Nilikuwa nimemkata kila mahali. Mimi ni hodari wa kazi yangu, na ndivyo nilivyokuwa hodari.

Mwaka uliofuata mteja mmoja wa Junda akaniletea flashi. Nilikuwa nimempa picha mbichi kwa haraka zamani zile, hazijakatwa, sasa ataka zifupishwe. Nikazitazama kwenye kompyuta ya kuazima. Wanawake wanapiga vigelegele, bibi harusi ameinamisha macho, na nje linapita gari. Tangazo, tangazo. Familia inawatangazia kifo cha mzee wao wa Mjambere, maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Ni sauti yake ya kabla ya maradhi, nzima, pana, na haikumaliza hata dakika moja. Huo ndio urithi wote wa mtoto, tangazo la kifo cha mtu tusiyemjua.

Niliitia kwenye simu, nikaingia nayo chumbani. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani na kitambaa chake shingoni penye tundu la kupumulia. Siku hizi akitaka kuniambia jambo huandika daftarini, na akimtaka mtoto hupiga makofi mara mbili, mtoto huja mbio. Mtoto alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko. Nikabonyeza.

Mume wangu alijisikia mwenyewe, akafumba macho. Mtoto aliinua kichwa. "Gari," akasema, akaruka juu, akapita mbele ya magoti ya babake, akakimbilia mlango wa nje.

Baba akapiga makofi mara mbili. Mtoto hakugeuka. Nilibonyeza tena, sijui kwa nini, na sauti ikaanza upya, tangazo, tangazo, naye amesimama pale kizingitini, ameushika mlango, anaangalia barabarani aone anayesema ni nani.