Kesi ya Kisima cha Thuraya

Mbuzi wa kwanza alipokufa, Thuraya binti Azzan alidhani amekula jani baya. Wa pili alipoanguka kando ya kisima, povu mdomoni, usingizi ukamruka. Alikuwa mjane, mkaazi wa Kariakoo, na kisima kile kilichimbwa na marehemu mumewe. Nusu ya mtaa walichota hapo bila kuulizwa. Kutwa akawa ainama ukingoni, anusa, aingia nyumbani, atoka tena.

Nyuma ya ukuta wake palikuwa na yadi ya ngozi ya Suud, mdogo wa marehemu. Ngozi za ng'ombe zililetwa kwa reli, zikachovywa katika mapipa ya dawa zisiliwe na wadudu, kisha zikapelekwa bandarini. Ilikuwa miaka ya nzige, na watu walijua kwamba dawa hiyo ndiyo waliyotegewa nzige huko mashambani. Ilikuwa sumu kali.

Thuraya akamwendea shemejiye kwa upole. Suud akacheka, akasema visima vya mji huu vyote vina magadi. Basi akaanza kupita nyumba hata nyumba kuwaonya watu wasichote. Mlango mmoja alichelewa. Theopista, mke wa fundi wa karakana ya reli Gerezani, alikuwa amekwisha kunywa. Alimkuta amelala sakafuni, anatapika, miguu haina nguvu. Wakambeba hadi hospitali.

Tangu siku hiyo Thuraya hakukalika. Chakula alikipika akakisahau motoni. Mwisho akamwambia kaka yake, Muhiddin, kwamba anakwenda Bomani kushitaki.

Muhiddin alikuwa na duka la nguo na jina la kulinda. Akamkumbusha kwamba Suud ndiye aliyembeba mumewe kaburini, na kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani.

"Theopista si wa nyumbani, kaka," Thuraya akajibu. "Yeye alikunywa maji tu."

Huko Bomani karani akamuuliza nani kapigwa, nini kimeibwa. Hakuna, akasema, mtu kamwaga sumu katika maji ya watu. Karani akamwambia arudi kesho. Akarudi. Akaambiwa tena kesho, akarudi tena, akaketi barazani na buibui lake mpaka watumishi wakachoka kumruka, na malalamiko yake yakaandikwa.

Siku ya kesi korti ilijaa. Mrisho, kibarua wa yadi, akatoa ushahidi kwamba dawa iliyochoka alikuwa akiimwaga shimoni chini ya ukuta, kwa amri ya tajiri wake. Wakili wa Suud akamwita mwongo mwenye kinyongo. Hakimu Mzungu, kwa kinywa cha mkalimani, akataka Suud mwenyewe aseme, na Msahafu ukaletwa.

Suud akanyoosha mkono, kisha akausitisha. Ukabaki hewani.  Thuraya alitamani Suud aape, yaishe, na alimwogopea akiapa uongo. Akasimama bila kuruhusiwa.

"Apa, shemeji. Apa kwamba hukujua, nami nitakwenda zangu."

Askari akamwamuru aketi. Suud akaurudisha mkono kifuani.

"Nilijua," akasema, akitazama chini. "Kulibeba pipa hadi nje ya mji ni kazi ya siku nzima. Nikasema mchanga utainywa dawa."

Akatozwa faini, akaamriwa kuihamisha yadi mbali na makazi na kugharimia matibabu ya Theopista. Kisima kikafukiwa. Mrisho hakupata tena kazi kwa mfanyabiashara yeyote wa ngozi. Akaenda kubeba mizigo bandarini.

Watu walidhani Thuraya sasa atapumzika. Hakupumzika. Azza, mke wa Suud, aliyekuwa akisukana naye nywele kila Ijumaa, alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili. Idi ilipofika Thuraya akapika halua, akaifunika kwa kitambaa, akampelekea. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Alisimama nayo mlangoni kitambo, hajui pa kuiweka. Halafu akavaa buibui akatoka nayo kwenda kwa Theopista, ambaye bado alitembea kwa kushika kuta. Wakala pamoja. Kisha Thuraya akampa bega lake aegemee, wakajaribu kuuvuka uwanja wa nyumba.