Ndani ya Sweta ya Kahawia

Sufi ikichemka na chumvi na rangi ya nguo hunuka kama kondoo aliyenyeshewa kisha akaanikwa juu ya jiko la makaa. Chumba chetu kimoja pale mtaa wa Huruma kilinuka hivyo muhula mzima. Shule ilitaka sweta ya kahawia, na mama alikuwa ameninunulia ya mtumba, nyeupe kama maziwa. Hakuona shida, rangi si ni kuchemsha tu? Mchemsho wa kwanza ikatoka rangi ya chai ya maziwa, mwalimu wa zamu akanirudisha kutoka getini. Wa pili ikatoka rangi ya ugoro, akanirudisha tena, na safari hiyo akasema nisipokuja Jumatatu na kahawia kamili, nafasi yangu atapewa mwingine. Mimi sikusoma sana, sifichi, lakini kahawia naijua kuliko profesa yeyote. Yeye hajawahi kufungiwa ndani yake.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili mama akaichemsha mara ya tatu, moto mkali, na ilipokauka ilikuwa kahawia yenyewe. Ila ilikuwa imesinyaa. Nilipoivaa, kichwa kiligoma kutokea shingoni, na mikono iliyokwisha kuingia ikakataa kurudi. Nikasimama mikono juu kama mwizi aliyeshikwa, giza totoro, sufi mdomoni. Majirani wakajaa mlangoni, na badala ya kunitoa, wakaanza kuikagua.

"Hii ni maji ya kunde," akasema Mama Zamzam wa chumba cha pili.

"Maji ya kunde gani? Hiyo ni hudhurungi," akajibu fundi viatu wa pale ngazini. "Mimi rangi ndiyo kazi yangu, mama."

"Basi viatu unawapakia rangi vipofu."

"Nakufa!" nikapiga kelele humo ndani.

"Anayekufa hapigi kelele," mama akanijibu. "Na wewe Mama Zamzam, weka hiyo makasi chini! Unajua nimeitafuta hii rangi tangu lini?"

Pumzi ikaniishia, nikanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichomtisha mama. "Wafula? We, Wafula?" Nikasikia chuma baridi kifuani, na mama, akilia, akaipasua toka shingoni hadi chini. Kama alinililia mimi au sweta, sijui. Jioni Mama Zamzam akaleta vifungo vya kanzu kuukuu ya mumewe, wakavishona. Jumatatu mwalimu akaitazama rangi, akatazama vifungo. "Shule yetu haivai vifungo," akasema. Kisha akageuka kando. "Ingia haraka, mkuu asikuone."

Leo nauza sare za shule kwa jumla, na hakuna aliyenishika mkono. Naishi kwenye fleti yenye lifti na mlinzi. Binti yangu ana sweta tatu, zote kahawia ileile. Juzi moja ilimkwama kichwani, akaniita. Nilimtoa peke yangu, mlango umefungwa, korido kimya. Nikajikuta nasubiri mtu agonge, aseme hiyo si kahawia.