Mke wa Mwalimu Wastani

Wanafunzi walimbandika jina la Wastani, kwani hakuwahi kumaliza kipindi cha takwimu bila kulitaja neno hilo mara ishirini. Miaka ishirini na sita alifundisha chuo kikuu akizunguka kati ya madawati, akimtania huyu, akimchokoza yule. Kisha masomo ya mwaka wa kwanza yakahamia mtandaoni, naye akajikuta sebuleni kwake, akizungumza na visanduku vyeusi mia na arobaini vya wanafunzi waliozima kamera.

Wiki ya kwanza alikwama katikati ya sentensi, akaahirisha kipindi.

"Siwezi," alimwambia mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha pili. "Ni kama kuhubiria ukuta."

"Basi nihubirie mimi, Baba Mapacha."

Akachukua kopo la vifungo na gauni la mteja, akaketi upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta. Mwalimu akafundisha akimtazama yeye. Sauti ikamrudia, na utani pia.

Siku ya tatu mkewe akajisahau, akauliza kwa sauti, "Sasa nikipima viuno vya wateja kumi, na mmoja akawa jitu la miraba minne, huo wastani si utanidanganya?"

Kisha visanduku vikaanza kuwaka kimoja kimoja, na nyuso zikatokea zikicheka.

"Mama kaniulizia swali langu!" alisema msichana mmoja.

Tangu hapo kipindi hakikuanza kabla mtu hajauliza, "Mama yupo?"

Muhula uliofuata, mwalimu alikuwa akipitia orodha ya darasa jipya alipoliona jina analolijua. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mama Mapacha! Huyu ni wewe?"

"Nimechoka kusoma kwa kudokoa," alijibu mkewe bila kusimamisha cherehani.

Akahudhuria kwa simu, ameiegemeza kwenye rundo la vitambaa. Mtihani wake aliusahihisha mwalimu mwingine, ndivyo chuo kilivyotaka. Alipata sabini na moja.

"Wamekosea hawa!" Wastani aliwaka. "Nakata rufaa!"

"Kaa chini, mume wangu. Swali la tano nililiharibu. Siku ile hukulieleza vizuri."

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akavuta kiti akalieleza upya.

Baadaye mkewe alijiandikisha saikolojia, kwa mwalimu mwingine. Wastani alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimnunulia spika za masikioni, amsikilize huyo mwingine bila kelele za cherehani.