Alisema Kifua

Sisi watu wa mtoni mtu akikohoa hatusemi anakohoa. Tunasema ana kifua. Mtoto ana kifua, bibi ana kifua, hata mbuzi ana kifua. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililomuua mke wangu, likisaidiwa na watu watatu. Nitawataja kwa kazi zao. Majina yao wanayajua wenyewe.

Mto Tana ulikuwa umefurika na kututoa mashambani, tukawa tunaishi kwenye mahema kando ya barabara ya Garsen, chini tope, ndani moshi wa kuni mbichi. Watu wakakohoa. Ndipo watu wa mradi wa afya wakaja na tableti. Walisema wanatengeneza sajili ya magonjwa ya kupumua: kila mwenye kuumwa mapafu ataingizwa, atapigiwa simu akapimwe makohozi, na atafuatwa mpaka apone. Tukapanga foleni. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Wa kwanza ni karani, mtu wa bara.

"Mama, unaumwa na nini?"

"Kifua, baba."

"Kinauma?"

Sasa mtu aliyekohoa mwezi mzima, kifua kitaacha kuuma? Mke wangu akasema, "Kinauma, tena sana." Karani akabonyeza, akasoma kwa sauti, "Maumivu ya kifua." Tukaitikia ee, maana ni kweli.

"Na wewe, mzee?"

Nikafungua mdomo niseme hicho hicho kifua, kikohozi kikanitangulia. Mate yakaruka mpaka kwenye kioo cha tableti yake.

"Ah! Mzee, funika mdomo!" Akafuta kioo kwa shati, akabonyeza: kikohozi.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Umemtemea mtoto wa watu! Sasa atakuandika mwehu."

Basi hivyo ndivyo nilivyopona. Kwa mate.

Simu ilikuja, ikaniita mimi peke yangu. Nikapimwa, nikakutwa na kifua kikuu. Hebu ona! Ugonjwa wenyewe unaitwa kifua, na aliyesema kifua ndiye aliyeachwa.

Wa pili ni afisa wa afya, na huyu ni mtu wetu, kalelewa na maji haya haya. Nilimpeleka mke wangu mpaka mlangoni kwake.

"Shemeji, huyu mashine haijamwita," akaniambia.

"Wewe humsikii anavyokohoa?"

"Namsikia. Lakini yuko kundi la maumivu. Nikimwingiza kwa wa kupimwa makohozi nitavuruga kazi ya watu."

Akampa vidonge vya kutuliza maumivu. Na mama yake mwenyewe akikohoa, nyumba nzima husema ana kifua. Yule wa bara huenda siku moja nikamsamehe, hakujua. Huyu alijua.

Nikawa nameza dawa zangu kila asubuhi, na uji wa kumezea ananipikia yeye, namsikia huko nje kwenye mafiga akikohoa. "Meza, baba watoto," ananiambia. "Wewe ndiye mgonjwa wa serikali." Mimi nikaanza kunenepa. Yeye leso ikawa inamzunguka mara mbili. Alikufa kabla sijamaliza dawa.

Wa tatu ni mkubwa wa mradi, mama wa miwani. Ndiye aliyeyapanga maswali, huko kwao, bila kuuliza hata mtu mmoja wa Tana akikohoa husemaje. Alikuja na gari kuwatazama waliopona. Akanishika mkono, akanipongeza, kana kwamba nimeshinda mbio. Kisha akainamia tableti.

"Kuna mwingine wa nyumba hii. Hakurudi hospitali. Anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Akavua miwani. "Pole, mzee. Pole sana." Akaivaa tena. "Alikuwa anaumwa na nini?"

"Kifua."

Akatazama kioo, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Maumivu ya kifua. Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

Akabonyeza.