Cherehani Iliyohamishwa Mara Mbili

Kuna kipande cha njia ya miguu hapa mtaani Jericho ambacho kilitumiwa na kila mtu isipokuwa wenye kwenda kwa miguu. Upande mmoja ni ukuta wa maduka, upande wa pili ni lami, na katikati, kwa miaka mingi, walikaa Mukami na cherehani yake, Kweyu na viatu vyake vya mitumba, Nerima na karai lake la samaki, na wengine ambao nikiwataja wote tutakesha. Mpita njia alijibana akapenya. Mwenye mtoto mgongoni alishuka barabarani na kumwachia Mungu.

Mukami hakuona ubaya wowote. Cherehani ile, ikiwa imeegemea ukuta ule chini ya kibaraza cha duka la dawa, ndiyo iliyomsomeshea watoto. Alishona sare za shule, na fundi wa sare akijifungia nyumbani nani atamwona? Ukimgusia habari za njia, alikutazama juu ya miwani mpaka ukahisi mwenye kosa ni wewe.

Ila kulikuwa na Mulama. Mtaa ulimwita Baba Triza, kwa jina la bintiye. Macho yalimpofuka angali kijana, akabaki na masikio, fimbo nyeupe, na vidole ambavyo vikigusa kinanda cha kanisa kule Buruburu hata wavivu huimba. Kila alasiri alipita hapo akienda mazoezini, na hakupita bila kumchokoza Mukami, ambaye naye aliitwa Mama Mugo kwa jina la mwanawe.

"Mama Mugo, hiyo mashine inalia njaa. Itie mafuta."

"Nipe za mafuta basi, Baba Triza, wewe mwenye sadaka za kanisa!"

Wakacheka, akaenda zake. Mukami alimpenda mzee yule, na hakuwa mtu wa kupenda ovyo.

Siku moja Mulama alishuka barabarani kulikwepa karai la Nerima, bodaboda ikapita ikamkwangua koti. Jioni hiyo hiyo Kweyu, ambaye ndiye msemaji wa wachuuzi, akawaita wote.

"Wasee, tuambiane ukweli," alisema. "Huyu mzee akigongwa hapa, si nduthi ya bodaboda imemgonga. Ni sisi."

Hakuna aliyembishia. Wakakubaliana wote wahamie upande wa lami, ukuta ubaki mtupu, watu wapite huko. Meza zao zitakuwa kinga dhidi ya pikipiki. Wenye maduka walifurahi kupita kiasi, maana milango yao ingeonekana tena. Mukami aliachia kibaraza chake, akanunua mwavuli mkubwa, akalala akijiona mtu mwema. Na mpango ulikuwa mzuri, sitawaonea. Ulikosa jambo moja tu, na hawakuliona, labda kwa sababu kila aliyekuwa kwenye mkutano alikuwa na macho.

Alasiri ya pili yake, Mulama alikuja kama kawaida. Miaka yote hiyo, mlio wa cherehani ulikuwa ndio ukuta wake. Akiuweka mkono wa kushoto, alijua kushoto ni maduka, na lami iko mbali kulia. Akausikia. Akauweka kushoto. Akatembea. Ukingo wa barabara pale ulishamomonyoka zamani, njia na lami vimelingana, kwa hiyo fimbo haikumwambia kitu.

Mukami aliinua kichwa amsalimu, akamwona upande wa pili wa mwavuli, katikati ya barabara, akitembea kwa raha zake.

"Baba Triza, simama!"

Pikapu ilifunga breki mpaka matairi yakapiga kelele. Mukami alikuwa ameshamshika koti na kumvuta, wakaanguka wote wawili juu ya viatu vya Kweyu.

"Mama Mugo," alisema Mulama, akiwa bado chini, ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia, "nani amehamisha ukuta?"

Mukami akaangua kilio palepale, mbele ya wateja. Jumapili ile kanisa liliimba bila kinanda.

Mulama aliporudi, mkono ukiwa umefungwa bendeji, alikwenda moja kwa moja kwa Kweyu na wenzake. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Mmenijadili jioni nzima," alisema. "Na nyumba yangu mnaijua. Hata mtoto hamkunitumia."

Kweyu akauliza, kwa sauti ndogo, wafanye nini sasa.

"Kaeni hapo hapo mlipo, ni pazuri. Ukuta nitaufuata kwa fimbo. Shida yangu iko pale kwenye kona. Nikivuka ile njia ya kuingia mtaani sijui ukuta unaanzia wapi. Pale ndipo ninapohitaji cherehani." Akageuza uso alikodhani Mukami yuko. "Ni ombi tu, Mama Mugo. Ukikataa nitakuelewa."

Mukami alikasirika, tuseme ukweli. Kona ile ina jua, vumbi na moshi, na hakuna mzazi anayesimama hapo kumpima mtoto sare. Alishahama mara moja kwa ajili ya mzee huyu, na shukrani yake ndiyo hiyo? Alirudi chini ya mwavuli wake akashona kwa fujo mpaka akavunja sindano. Lakini usiku ule kila alipofumba macho alisikia yale matairi. Asubuhi akamwomba Kweyu amsaidie kubeba.

Siku hiyo hakuja mteja hata mmoja. Jua lilimkaanga, vumbi likamjaa kwenye miwani. Alasiri akamwona Mulama ng'ambo ya njia, amesimama, ameinamisha kichwa upande mmoja, magari yakipita mbele yake. Alikuwa anasikiliza.

Mukami hakuwa na kipande cha kitambaa cha kushona. Akautoa uzi kwenye sindano usije ukajisokota, akaanza kuikanyaga cherehani tupu.

Magari yakapungua. Mulama akavuka akiwa amenyooka, hatua kwa hatua, mpaka fimbo ikagonga ukuta.

"Kazi iko leo, Mama Mugo?"

"Iko," Mukami alimdanganya, akizidi kukanyaga. "Tena imenizidi."