Mshenga Aliyekula Salamu

Fundi Mizani alikuwa mwembamba hata jua likimpiga kivuli chake kilimzidi unene. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pasi na majiko ya umeme, lakini jina la Mizani alilipata kwa sababu ya antena yake. Ilikuwa waya mrefu uliokatwa katikati, ukawa mikono miwili iliyonyooshwa juu ya ua wake, na kila mpita njia aliyethubutu kuuliza alipewa hotuba. "Mikono lazima ilingane! Mkono mmoja ukijiona bwana, redio inaongea na ukuta." Watu wakajifunza kutouliza.

Katikati ya mikono hiyo zilishuka nyaya mbili sambamba, zimetenganishwa kwa vijiti kama ngazi ya kupandia panya, zikaingia moja kwa moja chumbani hadi kwenye redio. Hapo kila alasiri, akishafunga kazi, aliongea na rafiki ambaye hakuwahi kumwona: mlinzi wa taa ya kuongozea meli, katika kisiwa ambako simu haishiki na mbuzi ni wengi kuliko watu. Alimwita Mnara. Jina lake la kweli hakulijua wala hakuliuliza, lingemsaidia nini? Walipeana habari za mvua, za magoti, na za chumvi, maana Mizani alilalamikia chumvi ya mkewe mpaka Mnara akawa anaionja huko huko kisiwani.

Mke akafa. Magoti nayo yakagoma. Binti yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, akaja kumchukua aishi naye, ghorofa ya tatu, chumba cha dirisha moja.

"Baba, na haya manyaya yote tunahama nayo?"

"Yakibaki, nabaki."

Yakahama.

Kule ghorofani hapakuwa na ua. Mkono mmoja wa antena ukanyooka vizuri juu ya paa. Wa pili ukakosa nafasi, ukajipinda kulizunguka tangi la maji kama mlevi anayetafuta mlango. Tena ile ngazi ya nyaya haikuweza kupita kwenye nondo za dirisha, kwani ikikaribiana na chuma inapoteza adabu. Ikabidi iishie nje, na kuanzia hapo uingie ndani waya mmoja mnene.

"Nitahitaji baluni," akasema Mizani.

Binti akasimamisha cherehani. "Baluni? Mzee mzima? Siku ya kuzaliwa ya nani, na nikupulizie la rangi gani?"

"Si puto, we mtoto! Ni mshenga. Huko nje kuna nyaya mbili zinazotaka haki sawa. Humu ndani kuna waya mmoja, bwana peke yake. Hawa hawaelewani. Baluni inakaa katikati, inachukua maneno ya huyu inayafikisha kwa yule."

"Basi muite shangazi akae dirishani. Hakuna neno lisilofika."

Tangu aanze mambo ya redio, Mizani hakuwahi kuhitaji mshenga. Nyaya zake zilikuwa zikiingia ndani kama watu wa nyumbani. Kwa hiyo mshenga huyu alimtengeneza kwa kubahatisha. Akachomoa ringi nyeusi ndani ya televisheni iliyokufa, akaizungushia waya, akaitia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, akakining'iniza nje kwenye nondo.

Alipowasha redio, sauti ya Mnara ikaingia bila kubisha hodi.

"Mizani, upo? Mnara hapa. Umepotea, ndugu yangu. Huku wanaleta taa inayojiwasha yenyewe. Jumamosi boti inanichukua, na redio si yangu, inabaki. Nijibu tu nijue u hai."

Mizani akajibu nusura ameze maikrofoni. Mnara hakusikia kitu, akaita tena, akazima. Kusikia kunataka sikio tu. Kusema kunataka kifua, na kifua cha Mizani kilikuwa kimeziba mahali. Mshale wa mita ya redio ulisimama wima kama askari mbele ya mkubwa wake, maana yake nguvu aliyoituma ilikuwa inamrudia mwenyewe.

Dawa ya mshale kama huo ni tyuna, kisanduku chenye vifundo vya kuzungusha mpaka redio na antena zikubaliane. Mizani akazungusha kutwa. Kifundo hiki kikiutuliza mshale, kile kinauchokoza. Upande wa pili wa pazia, binti alimsikia akibembeleza: "Shuka, mwanangu. Shuka, nitakununulia pipi."

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mshale."

"Ukikujibu uniite, niwapeleke wote wawili hospitali."

Jumamosi mchana, mshale ukalala chali. Hakuna kinachorudi. Mizani akapiga ukelele hata jirani wa chini akatoa ndoo nje akidhani tangi limepasuka. Binti akaiacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, akaja akicheza.

"Mshenga kakubaliwa!"

"Kakubaliwa, mama! Leo Mnara atanisikia mpaka nikimeza mate!"

Alasiri sauti ikaja. "Mizani, Mnara hapa. Boti naiona. Upo?"

"Nipo! Nipo, Mnara! Nilihama tu, nipo kwa binti yangu!"

Mnara akaita tena, kana kwamba hakuna aliyesema.

"Mizani, kama wanisikia, sema hata neno moja."

"Nipo, we kiziwi! Nipo!"

Binti akamnyang'anya maikrofoni. "Baba mdogo, yupo! Anakula, ananuna, yupo kabisa!"

Mshale ulikuwa umelala kama mtoto aliyeshiba. Mnara akakohoa, na sauti yake ikawa ya mtu aliyevua kofia.

"Haya. Nimeelewa. Nasema haya kwa yeyote anayesikiliza. Nilikuwa na rafiki, fundi pasi. Amefariki, kwa sababu angekuwa hai asingeninyima sauti yake leo. Alikuwa mtu wa haki, hata kwa waya. Kuimba hakujua, na aliimba. Alilalamikia chumvi ya mkewe miaka yote, na mke alipokufa akaniambia, Mnara, sasa chakula hakina ladha. Mungu amlaze pema."

"Sijafa!" Mizani alilia. "Mnara, sijafa!"

Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

"Kwaheri, Mizani." Kitufe kikalia ta, kisha ukabaki mchakacho mtupu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

"Baba," binti akasema polepole, "kuna kitu kinaungua."

Kikopo pale dirishani kilikuwa kimejikunja, plastiki inadondoka. Mizani akapenyeza mkono kati ya nondo akaishika ringi. Ikamuunguza, na hakuuondoa mkono upesi. Ndipo akaelewa. Ringi ile haikuwa ya kazi hii, na ile mikono isiyolingana iliitesa zaidi. Mshenga alikuwa akipokea kila neno, analila papo hapo, anashiba moto. Na kwa kuwa hakubakiza cha kurudisha, mshale ukalala. Posa haikufika popote. Mahari ililiwa njiani.

"Lakini mshale si ulilala?"

"Ulilala. Hata maiti hulala."

"Kesho twende bandarini tukamuulizie."

"Tumuulizie nani? Tuseme tunatafuta mnara? Watatuonyesha mnara."

Binti alitaka kucheka, akauona uso wa baba yake, kicheko kikarudi tumboni. "Basi nikutafutie ringi nyingine, ya kazi yake."

"Ya nini, mama? Nimeshazikwa. Tena nimesifiwa vizuri, nikifufuka nitaharibu."

Akazima redio, akajifuta ule mkono ulioungua kwenye shati. Binti akapakua chakula. Katika kuchanganyikiwa alikuwa ametia chumvi mara mbili, na alijua, akasimama kando akiingoja lawama kama mtu anayengoja mvua aliyokwisha kuisikia kwenye mabati ya jirani.

"Chumvi je, baba?"

"Iko sawa," akasema marehemu, akaendelea kula.